Kabla hujauza ng'ombe kwa ajili ya kazi ya kambini ughaibuni

Tangazo huanzia kwenye simu. Linatumwa kwenye kundi la WhatsApp la vijana waliomaliza JKT pamoja, au kwenye kundi la ukoo. Linasema wanahitajika walinzi, wapishi, madereva, mafundi wa jenereta na wafua nguo kwenye kambi ya jeshi la kigeni. Mshahara umeandikwa kwa dola. Chakula na malazi ni bure. Kijana wa Dongobesh, Haydom, Endasak au Bassotu analisoma, anazigeuza dola kuwa shilingi, na kabla wiki haijaisha baba anaulizwa kama yule dume mmoja hawezi kupelekwa mnadani ili ada ya wakala ipatikane.

Mzazi anabaki njia panda. Akikataa, anaonekana amemfungia mtoto mlango. Akikubali, anauza mali ya familia kwa ajili ya nchi asiyoijua na kazi asiyoielewa.

Kazi hizi zipo kweli. Watu wa Afrika Mashariki wamezifanya kwa takriban miaka ishirini sasa, hasa Waganda na Wakenya, na wapo waliojenga nyumba na kusomesha wadogo zao kwa fedha hizo. Wapo pia waliorudi na majeraha, waliorudi na madeni, na ambao hawakurudi. Tofauti kati yao mara nyingi ilianzia nyumbani, kwenye maswali yaliyoulizwa au yasiyoulizwa kabla ya safari.

Raia ndani ya kambi ya askari

Majeshi makubwa ya siku hizi hayapiki chakula chao yenyewe wala hayafui nguo zao. Jeshi la Marekani, kwa mfano, hutoa kandarasi kwa kampuni kubwa, kampuni hiyo hugawa kazi kwa kampuni ndogo, na kampuni ndogo hutafuta watu kupitia mawakala katika nchi mbalimbali. Mfanyakazi wa mwisho kwenye mnyororo huo ni raia. Hana cheo, hana pensheni ya jeshi, na mara nyingi mwajiri wake halisi ni kampuni ambayo mzazi hajawahi kusikia jina lake.

Wanajeshi wenyewe humwita raia wa nchi ya tatu, kwa sababu si Mmarekani na si mwenyeji wa nchi yenye kambi. Kule Iraq na Afghanistan, Waganda, Wakenya, Wanepali, Wahindi na Wafilipino walikuwa wengi katika kundi hili.

Kuwa raia hakumwondoi mtu kwenye hatari. Tarehe 5 Januari 2020, al-Shabaab walivamia uwanja wa ndege wa Manda Bay katika kaunti ya Lamu, Kenya, unaotumiwa na majeshi ya Kenya na Marekani. Wamarekani watatu waliuawa. Mmoja alikuwa askari. Wawili walikuwa raia, wafanyakazi wa kandarasi. Na hapo ni Lamu, pwani yetu hii hii ya Waswahili.

Askari wetu wa JWTZ wanaokwenda kulinda amani nao hufikwa na mabaya. Desemba 2017 wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio moja mashariki mwa Kongo. Lakini askari ana jeshi lake na serikali yake nyuma yake. Miili ilirejeshwa, taifa likaomboleza, na familia zilijua mlango wa kugonga. Mfanyakazi wa kandarasi anategemea mkataba wake na bima ya mwajiri wake. Ndiyo maana karatasi zinapewa nafasi kubwa katika makala hii.

Siku moja kambini

Kazi kwa kawaida ni saa 12 kwa siku, siku sita au saba kwa wiki. Mlinzi wa zamu ya mchana anaingia saa 12 asubuhi na kutoka saa 12 jioni, wa usiku kinyume chake. Kuna anayekaa getini akikagua vitambulisho na magari, anayesimama kwenye mnara wa ulinzi, na anayewapekua vibarua wenyeji wanaoingia kufanya usafi. Wapishi huanza kabla ya alfajiri kwa sababu askari wanakula mapema.

Malazi ni kontena lililogawanywa vyumba, vitanda vya juu na chini, watu kadhaa pamoja. Choo na bafu viko nje, mwendo wa hatua kadhaa. Chakula kinaliwa kwenye bwalo, lakini mabwalo hayafanani: katika kambi nyingi wafanyakazi wa nchi ya tatu wamekuwa na bwalo lao na maeneo yao ya kulala, mbali na ya Wamarekani. Rangi ya kitambulisho shingoni ndiyo inayoamua mtu anaingia wapi.

Joto ni jambo la kumwandalia kijana mapema. Aliyezoea ukungu na baridi ya Mbulu ya mwezi Juni atashangaa. Iraq wakati wa kiangazi hupita nyuzi 45, na mlinzi anasimama juani akiwa amevaa fulana nzito ya kuzuia risasi na kofia ya chuma.

Halafu kuna king'ora. Kambi nyingi za Iraq na Afghanistan zilirushiwa maroketi na makombora mara kwa mara. King'ora kikilia, kila mtu analala chini au anakimbilia kwenye handaki la zege, anasubiri, kisha anarudi kazini. Baada ya miezi michache watu hukizoea, na kuzoea huko nako ni jambo la kutazamwa, kama tutakavyoona mbele.

Kijana haruhusiwi kutoka kwenda kutembea mjini. Kwa mwaka mzima ulimwengu wake ni ndani ya kuta. Picha anazotuma akiwa ameketi kwenye gari la kijeshi zinaonyesha sehemu ndogo sana ya maisha hayo. Hata picha zenyewe aziangalie: kambi nyingi zinakataza kupiga picha, na mtu anaweza kufukuzwa kazi kwa picha moja aliyowatumia ndugu.

Waganda walitutangulia

Uganda ina historia ndefu zaidi ya kazi hizi katika ukanda wetu. Waganda walianza kwenda Iraq kama walinzi mwaka 2005, na baada ya miaka michache walikuwa maelfu. Waliopelekwa mwanzoni walilipwa dola 1,000 na zaidi kwa mwezi. Habari zikaenea, waombaji wakawa wengi, mawakala wakaanza kushindana kwa bei ya kuwatoa watu, na kufikia mwaka 2009 wapya wengi walikuwa wakipewa takriban dola 600 kwa kazi ile ile na hatari ile ile.

Mkulima wa vitunguu swaumu wa Bashay analijua hilo bila kufundishwa. Kila mtu akivuna kwa wakati mmoja, mnunuzi ndiye anayepanga bei. Kwa hiyo mshahara ambao binamu yake rafiki wa kijana wako alilipwa zamani si kipimo. Kipimo ni tarakimu iliyoandikwa kwenye mkataba wa kijana wako mwenyewe, pamoja na makato yake.

Hapa Tanzania hatujawahi kuwa na mkondo mkubwa wa namna hiyo. Hilo lina faida na hasara. Hasara yake ni kwamba kijijini hakuna mtu mzima aliyerudi ambaye mzazi anaweza kumfuata na kumuuliza ilikuwaje.

Ada ya wakala

Agosti 2004, vijana 12 wa Nepal waliuawa na wapiganaji nchini Iraq. Wengi wao walikuwa wameahidiwa kazi nchini Jordan. Familia zao zilikuwa zimekopa fedha ili kumlipa wakala. Watoto wakafa, madeni yakabaki.

Tukio hilo na mengine yaliufanya mfumo uchunguzwe. Aprili 2006, Jenerali George Casey, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Marekani na washirika wake Iraq, aliwaagiza wakandarasi wawarudishie wafanyakazi pasipoti zao, baada ya kubainika kwamba kuzishikilia ilikuwa ni desturi. Septemba 2012 Rais Barack Obama akatia saini amri inayowakataza wakandarasi wa serikali ya Marekani kumtoza mfanyakazi ada ya kuajiriwa, kumnyang'anya pasipoti, au kumdanganya kuhusu mshahara na mahali pa kazi.

Mzazi aishike hiyo. Kama kazi ni ya kambi ya Marekani na wakala anadai mamilioni ya "kufungua faili" au "kununua nafasi", basi ama anavunja masharti ya kandarasi hiyo, ama kandarasi yenyewe haipo. Kwa vyovyote vile, dume abaki zizini kwanza.

Kwa upande wetu, wakala binafsi wa ajira anatakiwa kuwa na leseni inayotolewa na Kamishna wa Kazi. Serikali pia ina Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, ambao wanaweza kuulizwa kama wakala fulani anatambulika. Kuuliza hakugharimu zaidi ya nauli au muda wa maongezi. Wakala anayekasirika anapoulizwa leseni amekwisha kukujibu.

Kazi inayobadilika njiani

Hatari nyingine imejitokeza zaidi miaka ya karibuni, nayo inawahusu pia wazazi wa mabinti. Nchini Urusi, katika eneo la viwanda la Alabuga huko Tatarstan, wasichana wa Afrika wa umri wa miaka 18 hadi 22 walialikwa kupitia mitandao ya kijamii kwa mpango wa kazi na mafunzo. Uchunguzi wa shirika la habari la AP uliochapishwa Oktoba 2024 ulionyesha kuwa baadhi yao, wakiwamo waliotoka Uganda, walijikuta wakiunda ndege zisizo na rubani za kivita. Aprili mwaka huo huo eneo hilo lilikuwa limeshambuliwa na Ukraine, na watu wakajeruhiwa.

Januari 2023 Serikali ya Tanzania ilithibitisha kifo cha Mtanzania aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa gerezani, kisha akajiunga na kikundi cha Wagner kwa ahadi ya kuachiwa huru na kulipwa. Aliuawa Ukraine Oktoba 2022. Serikali ilikumbusha wakati ule kwamba sheria zetu hazimruhusu raia kujiunga na jeshi la nchi nyingine.

Kwa hiyo pana mstari ambao kijana anapaswa kuujua kabla hajaondoka. Kupika, kufua, kuendesha lori au kulinda geti ni kazi ya raia. Akifika huko na kupewa karatasi ya lugha asiyoisoma, akaambiwa atie saini ili "mafunzo" yaanze, hapo ndipo pa kusimama. Amri ile ya mwaka 2012 ilikusudia pia kwamba mfanyakazi asidanganywe kuhusu masharti ya kazi, na hilo halitimii kama hakuelewa alichosaini. Mkataba usioeleweka usisainiwe Katesh, wala usisainiwe uwanja wa ndege.

Wala hatari haihitaji kambi. Oktoba 2023 vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa Israel kwa mafunzo ya kilimo, mmoja wao akitoka Simanjiro katika mkoa wetu huu wa Manyara, waliuawa katika shambulio la Hamas. Walikwenda kujifunza kilimo. Mzazi anayemruhusu mtoto kwenda karibu na vita aulize kuhusu nchi yote na si kambi peke yake.

Akiumia, au akifariki

Sehemu hii haipendezi kuzungumzwa sebuleni, lakini ndiyo yenye manufaa zaidi.

Marekani ina sheria ya mwaka 1941 iitwayo Defense Base Act. Inamlazimu mkandarasi wa kambi zake za ng'ambo kuwakatia bima wafanyakazi wake wote, wa taifa lolote. Andika jina hilo la Kiingereza kama lilivyo, maana ndilo litakalohitajika siku ya kuandika barua.

Chini ya sheria hiyo, mfanyakazi aliyeumia kazini hulipiwa matibabu, na kama hawezi kufanya kazi kabisa hulipwa theluthi mbili ya wastani wa mshahara wake. Akifariki kwa sababu ya kazi, mjane hulipwa nusu ya mshahara huo, na wakiwepo mjane na watoto jumla hufika theluthi mbili. Zipo pia gharama za maziko hadi dola 3,000.

Tuchukue mfano wa mlinzi wa dola 600 kwa mwezi. Mjane asiye na mtoto angepata takriban dola 300 kila mwezi. Kwa familia ya Hanang hiyo ni ada ya shule, ni mbegu, ni dawa. Na bado familia nyingi za wafanyakazi wa nchi maskini hazikudai kitu, kwa kuwa hazikuwahi kuambiwa kwamba sheria hiyo ipo.

Mambo manne ya kuzingatia:

Kwanza, muda. Ajali inatakiwa kuripotiwa kwa mwajiri ndani ya siku 30, na madai kuwasilishwa ndani ya mwaka mmoja. Kijana akipigwa na kitu kichwani, hata kama amesimama na kuendelea na kazi, aandikishe.

Pili, ndoa. Mke aliyeolewa kimila, mahari ikatolewa na wazee wakashuhudia, ni mke halali kwetu. Ofisi ya bima iliyoko Marekani itaomba karatasi. Wenye ndoa isiyo na cheti wafuatilie usajili kabla ya safari, kanisani, msikitini au kwa mkuu wa wilaya.

Tatu, watoto. Kila mtoto awe na cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba. Kazi hiyo ya RITA ni rahisi baba akiwa yupo.

Nne, wazazi wenyewe. Kwa wafanyakazi wasio Wamarekani, sheria inaangalia mke na watoto kwanza. Kama kijana hana mke wala mtoto, baba au mama anaweza kulipwa iwapo kijana alikuwa akimtunza katika mwaka uliotangulia ajali. Kaka, dada na wajomba hawamo. Basi fedha anazokutumia zipitie njia inayoacha kumbukumbu, benki au simu, kwa jina lako mwenyewe. Zile zinazopelekwa mkononi na rafiki hazina ushahidi.

Sheria hii ni ya kambi na kandarasi za Marekani. Kwa jeshi la nchi nyingine, uliza sheria yake na bima yake, jina la kampuni ya bima na namba ya bima. Jibu la "msiwe na wasiwasi, kila kitu kipo" halitoshi.

Jina moja, herufi zile zile

Wakazi wengi wa Dar es Salaam hupita Kariakoo bila kufikiri jina hilo limetoka wapi. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Hao walikuwa raia waliobeba risasi na vyakula vya majeshi kwa mabega yao, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Wengi wa waliokufa hawakulipwa ujira wao hata ndugu zao hawakuupata, sababu mojawapo ikiwa kwamba majina yaliandikwa vibaya au hayakuandikwa, na familia hazikupatikana. Hao ndio babu zao wakandarasi wa leo.

Sisi wa Mbulu na Hanang tuna sababu ya ziada ya kulitilia maanani hilo. Majina ya Kiiraqw na Kidatoga huwasumbua makarani. Hhando anakuwa Hando, Qwaray anakuwa Kwaray, Akonaay anakuwa Akonay, Gidabuday anakuwa Gidabudai. Cheti cha kuzaliwa kina namna moja, cheti cha shule namna nyingine, kitambulisho cha NIDA namna ya tatu. Kijijini haina shida, kila mtu anamjua mtoto wa nani. Kwenye ofisi ya bima, Hhando na Hando ni watu wawili.

Kabla ya safari, weka mezani vyeti vyote vya kijana, vya mkewe, vya watoto na vyako. Soma jina herufi kwa herufi. Panapotofautiana, patengenezwe kwa kiapo au marekebisho kungali mapema.

Kisha hifadhi nakala. Tarehe 3 Desemba 2023 matope yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang yaliifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani, zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha, na nyumba zikasombwa pamoja na kila kilichokuwa ndani, vyeti vikiwamo. Piga picha ya pasipoti, viza, mkataba kila ukurasa, karatasi ya bima na kitambulisho cha kambi. Picha zikae kwenye simu mbili za watu wanaoishi nyumba tofauti, na nakala ya karatasi ikae kwa ndugu wa mji mwingine.

Waliobaki nyumbani

Mwaka mmoja ni mrefu kwa mke mwenye mtoto wa miaka miwili. Saa za Iraq ni sawa na zetu, Djibouti vivyo hivyo, na Afghanistan imetutangulia kwa saa moja na nusu. Tatizo la simu basi ni zamu. Aliyetoka lindoni saa 12 asubuhi anataka kuongea wakati mama anawaandaa watoto kwenda shule, na mama anapopata nafasi usiku yeye yuko mnarani. Familia zinazofanikiwa hupanga siku na saa, mara mbili kwa wiki, na kuziheshimu. Simu isiyopangwa hugeuka kuwa ya fedha tu.

Fedha nazo zigawanywe kabla hazijaanza kuja. Ya mke na watoto iende kwa mke moja kwa moja. Ya wazazi iende kwa wazazi. Akiba ya kijana ikae kwenye akaunti yake mwenyewe, isiingie kwenye biashara ya kaka wala kwenye kikoba cha shangazi bila idhini yake. Ugomvi mwingi wa ndugu huanza pale baba mkwe anapopokea fedha zote na mkamwana analazimika kuomba ya sabuni.

Watoto waambiwe ukweli kwa kiasi cha umri wao. "Baba yuko kazini mbali, ni kazi ngumu, anaongea nasi Jumapili" inatosha kwa mtoto wa chekechea. Wa sekondari atakuwa ameshatafuta mwenyewe kwenye simu kambi ile iko wapi. Huyo aketishwe aelezwe.

Akirudi

Kazi hizi zina mwisho, na mara nyingine mwisho huja ghafla. Majeshi ya Marekani yaliondoka Iraq Desemba 2011. Julai 2021 waliondoka Bagram, kambi yao kubwa kuliko zote Afghanistan, na mwezi uliofuata Kabul ikaanguka. Maelfu ya ajira za raia zilikwisha pamoja na kambi hizo. Wazee wa Hanang waliona jambo la namna hiyo kwenye mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO yaliyofadhiliwa na Canada: ufadhili ulipokoma, matrekta yalinyamaza na vibarua wakarudi kwenye majembe yao. Anayekwenda apange toka mwezi wa kwanza atarudi kufanya nini.

Anayerudi anaweza asiwe yule aliyeondoka. Januari 2020, Iran ilirusha makombora kwenye kambi ya Ain al-Asad nchini Iraq. Hakuna aliyeuawa, lakini baadaye zaidi ya askari 100 wa Marekani waligundulika kuwa wameumia ubongo kwa mtikisiko wa milipuko. Nje hawakuwa na jeraha. Raia aliyelala kwenye kontena karibu na mlipuko ana ubongo kama wa askari.

Kijana akirudi na kichwa kinachouma kila mara, usingizi usiokuja, hasira za ghafla, kushtuka mlango ukigongwa au radi ikipiga, asisemwe kwamba amejidai kwa sababu ya dola. Wala asiambiwe amerogwa. Apelekwe hospitali, aeleze alikuwa wapi na nini kililipuka, na maelezo hayo yaandikwe kwenye faili lake. Jeraha la akili lililotokana na kazi nalo limo kwenye madai ya bima ile ya mwaka 1941.

Mazungumzo kabla ya mnada

Kijana mwenye umri wa miaka 25 hahitaji ruhusa ya mzazi kwa mujibu wa sheria. Anahitaji kuulizwa maswali na mtu anayempenda. Mketi, baba, mama, na mke kama yupo, na kijana ajibu haya huku karatasi ziko mezani:

Mwajiri wako ni kampuni gani, na ya nchi gani? Wakala ana leseni namba ngapi?

Kambi iko nchi gani, mji gani? Tanzania ina ubalozi huko, na kama haina, ubalozi wa karibu ni upi?

Mshahara ni kiasi gani baada ya makato, kwa saa ngapi kwa siku? Unalipwa kupitia akaunti gani?

Nani analipa tiketi ya kwenda, na nani analipa ya kurudi ukifukuzwa au ukiugua?

Pasipoti itakaa kwa nani?

Bima ni ya kampuni gani, na mrithi uliyemwandika ni nani?

Ukitaka kuacha kazi mwezi wa tatu, mkataba unasemaje?

Kijana mwenye majibu saba yaliyoandikwa amejiandaa kuliko wengi waliomtangulia, na mzazi anaweza kumwombea safari njema akiwa na nakala za karatasi zote kabatini. Asiye na majibu apewe wiki mbili akayatafute. Kazi ya kweli itamsubiri kwa wiki hizo mbili. Wakala anayesema nafasi inafungwa leo saa kumi jioni, fedha itumwe kwa namba hii, anafahamu fika kwamba mnada ni kesho.